Mto Isiukhu na Vijito Vyake: Namna ya Kujua Afya ya Maji

Mto Isiukhu hutoka upande wa milima ya Nandi, huingia katika msitu wa Kakamega, hupita karibu na mji wa Kakamega wenyewe, kisha huenda kuungana na mto Nzoia. Maji ya Nzoia nayo huishia katika Ziwa Victoria. Hauhesabiwi miongoni mwa mito mikubwa ya Kenya, lakini watu wengi huutegemea, na ng'ombe wengi hunywa humo. Nchi hii hupata mvua nyingi, kadiri ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kwa sababu hiyo kila bonde lina kijito chake kinachoteremka kwenda kuujaza mto huo. Vijito vingine ni vidogo hata mtoto huviruka, na majina yake yajulikana na wenyeji wa bonde tu.

Juu ya kila kijito cha namna hiyo liko swali linalompasa kila mtu aishiye kando yake kuliuliza: Je, kijito hiki ni kizima au ni kigonjwa? Watu wengi hujibu kwa kutazama. Maji yakiwa maangavu, husema ni mazuri. Yakiwa na tope, husema ni mabaya. Jibu hilo lina ukweli kidogo, lakini halitoshi. Maji hayakai mahali pamoja. Uchafu uliomwagwa jana usiku umekwisha kwenda zake alfajiri, na mtu ajaye asubuhi na ndoo yake huona maji mazuri. Ili kujua habari za kijito yafaa kuwauliza wale wakaao humo usiku na mchana, masika na kiangazi, wasioweza kukimbia uchafu unapokuja. Hao ni wadudu wadogo wakaao chini ya mawe.

Mtu apendaye kuona kijito kizima na aende Buyangu, kaskazini mwa msitu, mahali palipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Msitu wa Kakamega ni kipande kilichobaki nchini Kenya cha ule msitu mkubwa wa mvua ambao zamani ulienea kutoka Kongo, na serikali iliutangaza kuwa msitu wa kuhifadhiwa tangu mwaka 1933. Humo mna miti mirefu kama mutere na musine, na mbega weusi kwa weupe huruka juu kutoka tawi hata tawi. Chini ni kivuli. Njia huteremka katika udongo uliofunikwa na majani yaliyooza, na kabla ya kijito kuonekana sauti yake husikika.

Maji ya kijito cha msituni hayana haraka ya kuchafuka hata mvua inyeshapo. Matone hupigwa kwanza na majani ya juu, tena na vichaka vya chini, na yafikapo ardhini huingia polepole katika ule udongo mwororo. Ukingo umeshikwa na mizizi. Jua halifiki majini ila kwa vipande vipande, na maji hubaki ya baridi. Jambo la baridi lina maana kubwa, kwa kuwa maji ya baridi hubeba hewa nyingi ya oksijeni kuliko maji ya moto. Kule pwani, maji ya nyuzi 20 yaweza kubeba miligramu 9 hivi za hewa hiyo katika lita moja, na yakifika nyuzi 30 hubeba saba na nusu tu. Katika nchi ya juu kama Kakamega kipimo ni kidogo zaidi. Viumbe wa majini huvuta hewa hiyo hiyo, na ikipungua walio dhaifu hufa kwanza.

Ukiinua jiwe moja mahali maji yapitapo kwa nguvu, na kuligeuza polepole, utaona kwamba upande wa chini una wakaaji. Kwanza wako tunutu wembamba wenye mikia miwili na makucha mawili katika kila mguu, ambao huvutia hewa kwa vishada kama vya nywele vilivyo chini ya makwapa yao. Hao ni watoto wa inzi wa mawe, nao hawavumilii uchafu hata kidogo. Wengine, ambao kwa kawaida wana mikia mitatu, wana vijani vya kuvutia hewa mbavuni. Miongoni mwao wako waliobapa kama waliokanyagwa, wapate kushikamana na jiwe maji yasiwachukue. Tena wako mabuu wajengao vijumba vya mchanga au vya vipande vya majani, na wengine wafumao nyavu ndogo za kunasia chakula. Pembeni hujificha watoto wa kereng'ende. Na chini ya jiwe kubwa huenda akatoka kaa, akainua makoleo yake kama mwenye nyumba aliyesumbuliwa.

Wataalamu wamewatumia viumbe hao kama mizani tangu zamani. Mwaka 1909 Wajerumani wawili, Kolkwitz na Marsson, walieleza jinsi wanyama wadogo wa mtoni wabadilikavyo kwa kadiri ya uchafu. Katika nchi yetu wataalamu walifanya kazi hiyo katika mto Moiben na mito ya Nzoia na Nyando, na habari zake zilitolewa mwaka 2009. Lakini njia iliyo rahisi kwa mkulima na kwa mtoto wa shule ilitungwa Afrika Kusini, ikaelezwa kwa wasomi mwaka 2004, nayo huitwa miniSASS. Haihitaji dawa wala mashine. Huhitaji wavu mdogo, beseni jeupe, macho mawili, na saburi.

Kazi yake ni hii. Mtu huingia majini mahali penye mawe, husugua mawe kwa mkono mbele ya wavu, na kuvuruga mchanga na majani ya ukingoni kwa muda wa dakika tano hivi. Kilichonaswa hutiwa katika beseni lenye maji kidogo, kisha wadudu hutazamwa kwa namna zao. Hapana haja ya kuhesabu ni wangapi. Yatosha kujua namna zilizopo. Kila namna imepewa alama yake: inzi wa mawe 17, tunutu waliobapa wa mikia mitatu na jamaa zao 11, wajenzi wa vijumba na nyavu 9, kaa 6, kereng'ende 6, tunutu wembamba waogeleao kama visamaki 5, mende na kunguni wa maji 5, konokono 4, ruba 2, nyungunyungu 2, mabuu ya mbu na ya inzi wengine 2. Alama hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa hesabu ya namna zilizoonekana.

Chukua mfano wa kijito cha msituni kilichotoa namna sita: inzi wa mawe, tunutu waliobapa, wajenzi, kaa, kereng'ende na tunutu waogeleao. Jumla ni 54. Ukigawanya kwa sita wapata 9. Kijito cha mawe chenye alama hiyo ni kizima kabisa. Kikishuka chini ya 5, kimekwisha kuharibika sana.

Sasa na tutoke msituni. Mpaka wa msitu wa Kakamega ni mkali kama mpaka wa ua. Upande huu miti, upande huu mahindi. Nchi ya Waisukha na jirani zao ina watu wengi, na mashamba yamegawanywa tangu babu hata wajukuu. Mengi ni vipande virefu vyembamba, vianziavyo juu kwenye njia na kuteremka mpaka majini, kila ndugu apate sehemu ya udongo wa juu na sehemu ya udongo wa bondeni. Mgawo huo ni wa haki, lakini kijito ndicho kibebacho mzigo wake. Kila mmoja hulima mpaka jembe lake liguse maji.

Mabadiliko yake huonekana upesi. Kivuli kimekwisha, maji yapata joto. Mvua ya mchana, iliyo kawaida ya Kakamega, hupiga udongo mtupu na kuuchukua pamoja na mbolea ya chumvichumvi iliyotiwa juzi. Tope hujaza nafasi zilizo kati ya mawe, na nafasi hizo ndizo nyumba za wadudu. Jiwe likishafunikwa na tope ni kama nyumba iliyojazwa mchanga hata darini. Ng'ombe hushuka kunywa mahali popote wapendapo, ukingo hubomoka, na samadi huingia majini. Wanawake hufua nguo hapo hapo, na kijana mwenye pikipiki huiingiza katikati ya kijito kuiosha, mafuta yakaelea chini kama upinde wa mvua. Karibu na mji huongezeka maji machafu ya nyumba na takataka za soko.

Hapo ukiinua jiwe, wale wa mikia miwili hawapo. Waliobapa hawapo. Beseni lina nyungunyungu, ruba, konokono, mende wa maji, na mabuu mekundu kama damu. Wekundu huo ni dalili, kwani mabuu hayo yana damu iwezayo kushika hewa kidogo iliyobaki mahali ambapo wengine wangekufa. Hesabu ya mfano huu ni 15 kwa namna tano, yaani 3. Kutoka 9 hata 3, na mwendo kati ya mahali pale pawili waweza kuwa wa saa moja au mbili kwa miguu. Maji ni yale yale, mvua ni ile ile. Tofauti ni matendo ya watu kando yake.

Huenda mzee wa nchi hii akauliza: “Je, si kweli kwamba wadudu wa mtoni waliwapofusha watu? Mbona sasa twaambiwa tuwapende?” Swali hilo ni la haki na lastahili jibu. Ni kweli kwamba zamani katika misitu ya Kakamega na Kaimosi, na katika sehemu za Nyanza ya Kusini kama Kodera, alikuwako usubi mweusi aitwaye na wataalamu Simulium neavei, aliyeeneza ugonjwa wa upofu wa mtoni. Kwa miaka mingi hapana aliyejua mabuu yake hukaa wapi. Mwaka 1950 ndipo van Someren na McMahon walipotangaza kwamba mabuu hayo hushikamana na mwili wa kaa wa mtoni na kuishi juu yake. Hata kabla ya kujua hayo, Garnham na McMahon walikuwa wameanza mwaka 1946 kutia dawa ya DDT katika mito ya Kodera. Kazi hiyo ilienezwa katika maskani nyingine za usubi huyo, na mwaka 1958 McMahon na wenzake waliandika kwamba amekwisha kung'olewa katika Kenya. Watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakuupata upofu ule, na hiyo ilikuwa neema kubwa.

Lakini habari hiyo ina mafundisho mawili mengine. La kwanza, usubi huyo alipenda maji safi yenye kivuli, na kwa hiyo haifai kudhani kwamba kijito kizima ni kijito kisicho na adui. La pili, DDT haikuchagua. Dawa iliyotiwa juu ilishuka na mto, na dawa ya namna hiyo huua tunutu wasio na hatia pamoja na usubi. Watu wa wakati ule walikuwa na sababu nzito ya kufanya hivyo. Mtu wa leo aoshaye bomba lake la kunyunyizia nyanya katika kijito hana sababu hiyo hata kidogo, naye hufanya kazi ile ile ya kuua.

Yapasa pia kutaja mambo ambayo mizani hii ya wadudu haiwezi kuyapima, mtu asije akadanganyika. Kwanza, vijidudu vya homa ya matumbo, kuhara na kipindupindu havionekani katika beseni. Kijito chaweza kupata alama 9 na bado maji yake yakahitaji kuchemshwa. Kwa maji ya kunywa, chemchemi iliyojengewa kwa mawe na saruji na kutiwa bomba la kutolea maji ni bora. Utafiti uliotolewa mwaka 2011 juu ya chemchemi za namna hiyo katika Magharibi ya Kenya ulionyesha kwamba uchafu wa choo katika maji ulipungua kwa theluthi mbili pale chemchemini, na kuhara kwa watoto kukapungua kwa robo. Pili, wako watu watafutao dhahabu. Dhahabu ya Kakamega ilivumbuliwa mwaka 1931, na mgodi wa Rosterman ulichimbwa mpaka mwaka 1952. Baada ya wenye mitambo kuondoka, wachimbaji wadogo waliendelea kwa karai na koleo. Wengine hutumia zebaki kukusanyia chembe za dhahabu. Zebaki huingia katika tope, kisha katika samaki, kisha katika mtu, nayo hudhuru ubongo, hasa wa mtoto aliye tumboni. Tunutu hawatatoa habari zake.

Basi mkulima afanye nini? Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaja kwamba ukingo wa mto uachwe bila kulimwa kwa upana usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande. Ni rahisi kwa mtu wa ofisini kuisoma kanuni hiyo, lakini kwa mwenye eka moja ni neno zito. Na tuipime kwa hesabu. Shamba la eka moja lenye upana wa mita 20 mtoni lina urefu wa mita 200 hivi. Akiacha mita 6, ameacha mita 120 za mraba, yaani sehemu 3 katika kila 100 za shamba lake. Akiacha mita 30, ameacha sehemu 15 katika 100. Sehemu 15 zaweza kuwa chakula cha miezi kadhaa, na haifai kumlaumu mtu aionaye kuwa ni nyingi. Lakini sehemu 3 mtu aweza kuzitoa, tena hazipotei. Majani ya nepia yakipandwa hapo yasipigwe jembe, hushika udongo, hulisha ng'ombe wa maziwa, na kuzuia samadi isiteleze majini. Ng'ombe nao wakichotewa maji na kunywesheshwa juu, ukingo hupona.

Neno lililo gumu zaidi ni la mikaratusi, ambayo wengi huiita blugamu. Mti huo hukua upesi, na nguzo zake zimelipa karo za watoto wengi katika Kakamega. Kwa hiyo mtu huupanda bondeni, penye maji. Lakini hunywa maji mengi mno, na majani yake magumu yenye mafuta si chakula chema kwa wadudu wa mtoni waliozoea majani laini ya miti ya asili. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliamuru iondolewe kando ya maji, na wengi walinung'unika. Njia ya busara ni kuihamisha: iliyopo bondeni ikatwe inapokomaa, ilete karo yake, na visiki visiachwe kuchipua, mipya ipandwe juu mlimani penye udongo mkavu, na bondeni irudishwe miti ya asili.

Kuna jambo moja la kutia moyo. Wadudu wa mtoni wakikomaa hupata mabawa. Tunutu wa leo ni inzi wa kesho, naye huruka kando ya maji akitafuta mahali pa kutaga. Msitu ungalipo, na kwa hiyo mbegu ingalipo. Kijito ambacho ukingo wake umefungwa, tope likachukuliwa na mvua za miaka, kivuli kikarudi, hakihitaji mtu wa kupeleka wadudu. Watakuja wenyewe.

Walimu wa shule zilizo karibu na vijito wangefanya vema kuwapeleka watoto mara mbili kwa mwaka, kiangazi na baada ya masika, mahali pale pale, na kuandika alama katika daftari moja lisilopotea. Hesabu ya siku moja haina nguvu, lakini hesabu ya miaka mitano ni ushahidi ambao hata baraza la kijiji haliwezi kuukana. Watoto wavae viatu, wasinywe maji hayo, wawarudishe wadudu majini, na wanawe mikono kwa sabuni mbali na kijito.

Na mwenye shamba asingoje mtu wa ofisi. Aende asubuhi moja, ainue jiwe lililo mbele ya shamba lake, kisha aende kwa jirani wa juu ainue jingine. Akiona wadudu walio juu hawapo kwake, amekwisha kujua jambo lililompasa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukingo wa mto ukishabomoka, hapana ukuta uwezao kuurudisha.